Kuingia Soko la Hisa la Marekani kwa Mlango wa Kampuni Tupu: Mwongozo kwa Wamiliki wa Kampuni Ndogo Mkoani Tanga

Mmiliki wa kampuni ndogo ya madini Handeni au Kilindi, ya chokaa Amboni au ya mkonge Korogwe anaweza kufuatwa na dalali mwenye pendekezo la kuvutia: kampuni yake iingie katika soko la hisa la Marekani bila kupitia mauzo ya kwanza ya hisa kwa umma, ambayo ni ghali na ya muda mrefu. Njia anayopendekezewa ni muunganiko wa kinyume. Kampuni ya Marekani iliyokwisha kusajiliwa kama kampuni ya umma, lakini isiyo na biashara wala mali ya maana, hutoa hisa mpya nyingi kwa wamiliki wa kampuni ya Tanga na kuchukua hisa zote za kampuni yao. Kisheria kampuni tupu inakuwa mzazi na kampuni ya Tanga inakuwa tanzu. Kwa uhalisia wamiliki wa Tanga ndio wenye hisa nyingi, watu wao ndio wanaoshika bodi, na kihesabu kampuni yao ndiyo inayohesabiwa kuwa mnunuzi, kiasi kwamba historia ya hesabu inayoendelea kuchapishwa ni ya kwao.

Njia hii ni halali na ina miaka mingi. Ugumu wake ni kwamba dalali huzungumzia siku ya kusaini, ilhali gharama kubwa huanza siku inayofuata, pale kampuni inapobeba wajibu wa kuwasilisha taarifa kwa Tume ya Dhamana na Masoko ya Marekani, inayojulikana kama SEC. Kwa hiyo mwongozo huu unapita haraka kwenye mkataba na kukaa zaidi kwenye taarifa.

Hatua ya kwanza: soma taarifa za kampuni tupu kabla ya kusoma mkataba

Kila kampuni inayowajibika kwa SEC huweka taarifa zake katika hifadhi ya EDGAR, ambayo iko wazi kwa mtu yeyote mtandaoni bila malipo. Andika jina la kampuni, fungua orodha ya taarifa zake, na uangalie pia majina yake ya zamani, kwa sababu kampuni tupu hubadilisha majina mara kwa mara. Anayetaka kujizoeza kwa mfano wa karibu atafute Handeni Gold, kampuni iliyosajiliwa jimbo la Nevada ambayo hapo awali iliitwa Douglas Lake Minerals, na ambayo mwaka 2010 ilichukua leseni za utafutaji madini wilayani Handeni na kulipia kwa hisa. Muamala huo haukuwa muunganiko wa kinyume kamili, lakini taarifa zake zinamwonyesha msomaji wa Tanga jinsi leseni ya ardhi anayoifahamu inavyoelezwa kwa mwekezaji asiyewahi kufika Handeni.

Katika kampuni unayopendekezewa, anza na taarifa ya mwaka, yaani Fomu 10-K. Kwenye ukurasa wa mbele kuna kisanduku ambamo kampuni hutamka kama ni kampuni tupu au la, na kuna idadi ya hisa zilizotolewa hadi tarehe ya karibuni. Kisha nenda kwenye ripoti ya mkaguzi wa hesabu uone kama ameeleza shaka kuhusu uwezo wa kampuni kuendelea. Kwa kampuni tupu shaka hiyo ni ya kawaida na peke yake haitoshi kukufanya uondoke. Kinachostahili kukutia wasiwasi ni mkaguzi kubadilishwa mara kwa mara, jambo linaloripotiwa kwenye kipengele 4.01 cha Fomu 8-K, yaani fomu ya kutangaza matukio makubwa ya kampuni, au tangazo la kipengele 4.02 kwamba hesabu za nyuma zisitegemewe tena. Taarifa zilizorukwa ni dosari nzito zaidi, kwa kuwa SEC ina mamlaka ya kusimamisha biashara ya hisa kwa hadi siku 10 za kazi na, baada ya shauri, kufuta kabisa usajili wa kampuni isiyowasilisha taarifa.

Baada ya hapo soma maelezo ya hesabu yanayohusu madeni, na usiyasome kwa haraka, kwa maana hapa ndipo wamiliki wengi hupoteza kampuni bila kujua. Tuchukue mfano wa kubuni. Kampuni tupu ina hisa 5,000,000, na wewe na wenzako mnapewa hisa mpya 45,000,000, yaani asilimia 90 ya hisa zote 50,000,000. Dalali anaonyesha asilimia hiyo kwa fahari. Lakini katika maelezo ya madeni kuna mkopo wa dola 200,000 ambao mkopeshaji anaruhusiwa kuugeuza kuwa hisa kwa nusu ya bei ya sokoni. Bei ikiwa senti 10 za dola, atapata hisa 4,000,000 kwa senti 5 kila moja, na fungu lenu litashuka hadi takribani asilimia 83. Bei ikianguka hadi senti 1, atapata hisa 40,000,000 kwa nusu senti, jumla itakuwa hisa 90,000,000, na asilimia 90 yenu itakuwa 50. Mkopeshaji anayeuza hisa kadiri anavyozipata ndiye huyo huyo anayeishusha bei, na kila inaposhuka anapata hisa nyingi zaidi. Mkopo wa namna hii ulipwe au ufutwe kwa maandishi kabla ya muunganiko; ahadi kwamba utashughulikiwa baadaye haifai kukubaliwa.

Hatimaye omba orodha ya wanahisa moja kwa moja kutoka kwa msajili wa hisa wa kampuni hiyo, si kutoka kwa dalali, pamoja na hati ya jimbo ilikosajiliwa inayothibitisha kwamba kampuni bado hai na haidaiwi ada.

Hatua ya pili: angalia sheria za nyumbani

Mawakili wa Marekani hawataiangalia sehemu hii kwa niaba yako. La kwanza ni leseni. Leseni ya uchimbaji mdogo, ile inayoitwa PML, chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2010 hutolewa kwa raia wa Tanzania pekee, na ikiwa mwenye leseni ni kampuni, wanachama na wakurugenzi wake wote wanatakiwa kuwa raia. Kampuni ya aina hiyo ikiwa tanzu ya kampuni ya Nevada, sharti hilo limevunjika siku ile ile ya kubadilishana hisa. Kwa leseni za ngazi nyingine, uliza Tume ya Madini mapema kuhusu ridhaa ya mabadiliko ya udhibiti, na upate jibu la maandishi.

La pili ni kodi. Kifungu cha 56 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 kinahusu kampuni ambayo umiliki wake wa msingi umebadilika kwa zaidi ya asilimia 50 ndani ya miaka mitatu. Kampuni hiyo inaweza kuhesabiwa kuwa imeuza mali zake na kudaiwa kodi, ingawa hakuna shilingi iliyoingia benki. Muunganiko wa kinyume unaowaachia wamiliki wa awali fungu kubwa huenda usifike kiwango hicho, lakini ubadilishaji wa madeni kuwa hisa ulioelezwa hapo juu unaweza kukivusha. Mshauri wa kodi afanye hesabu hiyo kwa bei mbaya pia, asiishie kwenye bei ya siku ya kusaini.

La tatu ni Tume ya Ushindani, ambayo miunganiko inayozidi kiwango kilichotangazwa hutakiwa kuarifiwa kwake kabla ya kukamilishwa. Wakazi wa Tanga hawahitaji kuelezwa uzito wa jambo hili: mpango uliotangazwa mwaka 2021 wa Scancem kununua asilimia 68.33 ya hisa za Tanga Cement ulikwama mwaka 2022 pale Baraza la Ushindani lilipotengua idhini iliyokwisha kutolewa. Kampuni ndogo nyingi haziwezi kufikia kiwango hicho, ila thibitisho la wakili liwe kwenye faili. Pamoja na hayo, mabadiliko ya wanahisa na ya wamiliki wanufaika yaandikishwe BRELA, na wakazi wa Tanzania wanaopokea hisa za nje waulize benki yao kuhusu kanuni za fedha za kigeni zinazosimamiwa na Benki Kuu.

Hatua ya tatu: tengeneza hesabu zitakazokubalika

Kampuni ndogo inayofuata njia hii kwa kawaida hutakiwa kuwa na hesabu zilizokaguliwa za miaka miwili, pamoja na hesabu za kipindi cha karibuni. Mkaguzi aliyesajiliwa na NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi ya Tanzania, hata awe hodari namna gani, hawezi kusaini hesabu hizo asipokuwa pia amesajiliwa na PCAOB, bodi ya Marekani inayosimamia wakaguzi wa kampuni za umma. Zaidi ya hapo, kampuni za Tanzania hutayarisha hesabu kwa viwango vya kimataifa, ilhali kampuni iliyosajiliwa jimbo la Marekani na kuwasilisha Fomu 10-K hutumia viwango vya Marekani, kwa hiyo vitabu vitapaswa kupitiwa upya. Usisaini mkataba wenye tarehe ya kukamilisha kabla mkaguzi hajakwambia kwa maandishi lini atamaliza.

Kuna jambo moja la kampuni za kifamilia linalostahili kusemwa wazi. Katika kampuni nyingi za kwetu mkurugenzi huchukua fedha za kampuni kwa ada ya shule, ujenzi au harusi, na mhasibu huandika kiasi hicho katika akaunti ya mkurugenzi ili kilipwe baadaye. Kampuni inayowajibika kwa SEC hairuhusiwi kumkopesha mkurugenzi wala mtendaji wake mkuu fedha binafsi. Katazo hilo limo katika sheria ya Sarbanes-Oxley ya mwaka 2002. Akaunti hiyo isafishwe kabla ya muunganiko, na mzee mwenye kampuni aelezwe mapema kwamba tangu siku hiyo droo ya kampuni si yake tena. Kwa uzoefu wangu mazungumzo haya huwa magumu kuliko yote, na mwenye kampuni asiyekubali sharti hili hana sababu ya kuendelea na hatua inayofuata.

Hapa pia ndipo pa kulinganisha na soko la nyumbani. Soko la Hisa la Dar es Salaam lina dirisha la kampuni changa na za kati, EGM, ambalo Maendeleo Bank iliingia mwaka 2013, na ambalo kila kampuni huingia ikiwa na mshauri aliyeteuliwa. Mwenye biashara ambayo wateja na wawekezaji wake wote wako hapa nchini sioni anachokifuata Marekani.

Hatua ya nne: mkataba na matangazo yanayoutangulia

Mkataba ukishasainiwa, kampuni tupu ina siku nne za kazi kuutangaza kwa Fomu 8-K, hata kama kubadilishana hisa kutafanyika miezi miwili baadaye. Ikiwa wakurugenzi walio wengi watabadilika kutokana na muamala, wanahisa hutumiwa taarifa maalumu angalau siku 10 kabla wakurugenzi wapya hawajashika nafasi. Kubadilisha jina au kupunguza idadi ya hisa kwa kuziunganisha hupelekwa FINRA, chombo kinachosimamia madalali wa hisa wa Marekani, siku 10 au zaidi kabla ya tarehe ya kufunga daftari la wanahisa.

Tahadhari moja kuhusu miongozo ya zamani iliyojaa mtandaoni: tangu tarehe 1 Julai 2024, muunganiko kati ya kampuni tupu inayowajibika kwa SEC na kampuni yenye biashara huhesabiwa kuwa ni uuzaji wa dhamana kwa wanahisa wa kampuni tupu, kwa hiyo wakili aonyeshe ama usajili wa hisa hizo ama msamaha wa kutosajili unaotegemewa. Wakili asiyeijua kanuni hii asiwe wakili wako.

Hatua ya tano: Fomu 8-K ya ukamilishaji

Hii ndiyo taarifa kubwa kuliko zote. Zamani kampuni tupu iliweza kutangaza muunganiko kwa kurasa chache na kuahidi hesabu baadaye. Mwaka 2005 SEC iliufunga mwanya huo. Sasa, ndani ya siku nne za kazi baada ya kukamilisha, kampuni hutakiwa kuwasilisha habari zote ambazo ingezitoa kama ingekuwa inajisajili upya kwa Fomu 10: maelezo ya biashara, hatari zake, mali, wakurugenzi na malipo yao, wanahisa wakubwa, miamala kati ya kampuni na jamaa wa viongozi, na hesabu zilizokaguliwa. Nyongeza ya siku 71 inayopewa kampuni za kawaida kuleta hesabu za biashara iliyonunuliwa haiihusu kampuni tupu. Vipengele vinavyoguswa kwa kawaida ni 2.01 kuhusu ukamilishaji, 3.02 kuhusu hisa zilizotolewa bila usajili, 5.01 kuhusu mabadiliko ya udhibiti, 5.06 kuhusu kuacha kuwa kampuni tupu, na 9.01 kuhusu hesabu.

Maana yake kiutendaji ni kwamba fomu hii huandikwa ikamalizika kabla ya kukamilisha, si baada yake. Ukikamilisha Alhamisi, siku ya kwanza ni Ijumaa na ya nne ni Jumatano. Sikukuu zinazohesabiwa ni za serikali ya Marekani. Idd na Maulidi hazisogezi tarehe. Saa nazo zina hesabu yake: taarifa inayoingia EDGAR baada ya saa kumi na moja na nusu jioni ya Washington huhesabiwa ya siku inayofuata, na muda huo kwa Tanga ni saa sita na nusu usiku wakati wa kiangazi cha Marekani, na saa saba na nusu usiku wakati wa baridi yao. Mtu mwenye mamlaka ya kusaini awe macho saa hizo, karibu na umeme na intaneti ya uhakika.

Hatua ya sita: fomu za mtu binafsi

Wamiliki husahau kwamba si kampuni pekee inayowasilisha. Ikiwa hisa za kampuni zimesajiliwa chini ya kifungu cha 12 cha sheria ya Marekani ya masoko ya dhamana ya mwaka 1934, mkurugenzi, mtendaji na mwenye zaidi ya asilimia 10 hujaza Fomu 3 ndani ya siku 10 tangu aingie katika nafasi hiyo, na Fomu 4 ndani ya siku mbili za kazi kila umiliki wake unapobadilika. Anayevuka asilimia 5 hujaza Jedwali 13D, ambalo tangu mwaka 2024 lina siku tano za kazi badala ya siku 10 za zamani. Ili kuwasilisha, kila mmoja anahitaji namba zake za EDGAR, na ombi la namba hizo huambatana na hati iliyothibitishwa na mthibitishaji wa umma. Wakili wa mjini Tanga anaweza kuithibitisha kwa asubuhi moja, lakini mwanahisa akiwa kitaluni Kilindi siku tano huisha akiwa njiani, kwa hiyo jambo hili lifanywe wiki kadhaa kabla.

Hatua ya saba: kalenda ya kila mwaka

Kampuni ndogo yenye mwaka wa fedha unaoishia tarehe 31 Desemba ina siku 90 kuwasilisha Fomu 10-K, yaani hadi tarehe 31 Machi katika mwaka wa siku 365. Fomu 10-Q, yaani taarifa ya robo mwaka, huja mara tatu, siku 45 baada ya kila robo: tarehe 15 Mei, tarehe 14 Agosti na tarehe 14 Novemba. Anayechelewa hutoa taarifa kwa Fomu 12b-25 kabla siku ya kazi inayofuata haijaisha, na hupata siku 15 kwa 10-K au siku tano kwa 10-Q. Kila taarifa huambatana na uthibitisho uliosainiwa na mtendaji mkuu na mkuu wa fedha. Atakayesaini kwa makusudi huku akijua kwamba taarifa si sahihi anaweza kuhukumiwa kifungo cha hadi miaka 20 na faini ya hadi dola milioni 5. Mpwa aliyepewa cheo cha mkuu wa fedha ili jina lijae kwenye fomu aambiwe jambo hili kabla hajakabidhiwa kalamu.

Kuhakikisha kwamba hakuna pengo kati ya hesabu zilizomo katika 8-K na taarifa ya kwanza ya robo ni kazi ya mhasibu. Mpe kazi hiyo kwa jina, si kwa idara.

Hatua ya nane: kuuza hisa

Mmiliki aliyepokea hisa milioni kadhaa hana fedha bado. Hisa zake hazijasajiliwa, na Kanuni ya 144, ambayo ndiyo njia ya kawaida ya kuziuza, ina sharti la ziada kwa kampuni iliyowahi kuwa tupu: lazima mwaka mmoja upite tangu habari kamili za Fomu 10 ziwasilishwe, na kampuni iwe imewasilisha taarifa zote za miezi 12 iliyotangulia mauzo. Sharti hili halina mwisho. Kampuni ikiruka Fomu 10-Q moja katika mwaka wa tano, mlango hufungwa tena kwa kila anayeitegemea kanuni hiyo. Kiongozi au mwenye udhibiti ana kikomo kingine: kwa hisa zinazouzwa nje ya masoko makuu, hawezi kuuza zaidi ya asilimia 1 ya hisa zote katika miezi mitatu. Katika mfano wetu wa hisa 50,000,000, hiyo ni hisa 500,000, na kwa bei ya senti 10 ni dola 50,000, iwapo mnunuzi atapatikana.

Kuhusu Nasdaq na New York, dalali akitaja majina hayo mwulize kuhusu kanuni za Novemba 2011. Kampuni iliyoingia kwa muunganiko wa kinyume hutakiwa kwanza kuuzwa mahali pengine kwa mwaka mzima, kuwasilisha taarifa zote zikiwemo hesabu za mwaka kamili wa fedha, na bei yake kudumu katika kiwango cha chini, ambacho kwa kawaida ni dola 4, kwa siku 30 kati ya siku 60 za biashara za mwisho. Anayefanya mauzo ya hisa ya dola milioni 40 au zaidi yaliyodhaminiwa kikamilifu husamehewa, lakini huyo hakuwa na haja ya kampuni tupu tangu awali.

Kutoka

Mlango wa kutokea uandikwe kwenye mkataba wa kwanza. Weka kipengele kinachosema kwamba ikiwa mtaji ulioahidiwa haukuingia kufikia tarehe fulani, hisa za kampuni ya Tanga zitarudi kwa wamiliki wake, na fomu za uhamisho zilizosainiwa zihifadhiwe kwa wakili wa hapa hadi tarehe hiyo ipite. Kampuni inayotaka kuacha wajibu kwa SEC hujaza Fomu 15, nayo huruhusiwa kufanya hivyo ikiwa wanahisa walioandikwa kwenye daftari hawafiki 300, au hawafiki 500 na mali za kampuni hazijazidi dola milioni 10 mwishoni mwa kila mmoja wa miaka mitatu ya fedha iliyopita. Kabla ya kuijaza, mhasibu aangalie kama kuna hati ya usajili wa hisa iliyoanza kutumika ndani ya mwaka huo wa fedha, kwa kuwa katika hali hiyo taarifa za mwaka huo, pamoja na Fomu 10-K yake, bado zitadaiwa.